UKWELI MCHUNGU NI DAWA: TUSIWAFICHE WAGONJWA WETU



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya napenda tutafakari msemo mmoja wa watu wa India. Katika lugha ya Kihindi husema "kadvi goli nigalna", yaani kumeza kidonge kichungu. Maana yake ni kukubali jambo lisilopendeza kwa sababu lina faida. Nimeusikia kwa sista mwenzangu aliyezaliwa kaskazini ya India, na nimeona kwamba wodini ndipo mahali pake hasa. Hakuna anayekuja hospitali kutafuta utamu.

Nitoe maoni yangu mapema ili msomaji ajue tunakoelekea. Mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli wa ugonjwa wake, hata ukiwa mchungu, na ndugu wanaomficha hawampendi kuliko wale wanaomwambia. Lakini namna ya kumpa ukweli huo ni sehemu ya tiba yenyewe. Kidonge kikitupwa usoni mwa mgonjwa hakijawa dawa bado.

MSEMO WENYEWE

Kihindi kina maneno kadhaa juu ya uchungu wa namna hii. Wapo wasemao "sach kadva hota hai", ukweli huwa mchungu. Wapo wasemao "kadvi dava", dawa chungu. Hapo bila shaka msomaji amelitambua neno moja. Dava yao na dawa yetu ni ndugu, maana wote tumelipata neno hilo kutoka Kiarabu. Hata viongozi wa siasa huutumia msemo huu. Mwezi Juni 2014 Narendra Modi, akiwa ndiyo kwanza ameshika uwaziri mkuu, aliwaambia watu huko Goa kwamba uchumi wa nchi ulihitaji dawa chungu. Wasikilizaji walielewa mara moja kwamba kuna hatua ngumu zinakuja.

Lakini upo msemo mwingine unaofanana na huu, na kuichanganya hiyo miwili ni hatari. Husema "kadva ghoont peena", kunywa funda chungu. Huo husemwa hasa pale mtu anapomeza dharau au hasira yake kimya kimya kwa kuwa hana la kufanya. Kidonge humezwa kwa sababu kitaponya. Funda humezwa kwa sababu njia nyingine haionekani.

Kwa nini nasisitiza tofauti hii? Kwa sababu majumbani mwetu mara nyingi tunawapa watu funda huku tukiliita kidonge. Mama anapigwa na mumewe, anakuja kwa wazee na jicho limevimba, naye anaambiwa, "Vumilia mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo, ukweli ni mchungu." Huo uchungu unatibu nini? Haumponyi yeye, na mume wake haumponyi pia. Kidonge cha kweli kina ugonjwa kinaoutibu, na anayepona ni yule yule anayekimeza. Tukikosa kuuona ugonjwa unaotibiwa, basi tusimlazimishe mtu kumeza.

MWAROBAINI NA SUKARI GURU

Ukimwuliza Mhindi akutajie kitu kichungu, hatakawia kuutaja mti wa neem. Huo ndio sisi tunaouita mwarobaini. Asili yake ni bara Hindi na nchi ya Myanmar, nao umeenea pwani yetu na bara pia. Sisi tukaupa jina kwa kuamini kwamba unatibu magonjwa arobaini. Huko kwao vijiti vyake vimekuwa miswaki ya watu tangu zamani.

Katika majimbo ya kusini, kama vile Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana, kuna sikukuu ya mwaka mpya iitwayo Ugadi, ambayo huangukia mwezi Machi au Aprili. Siku hiyo familia hula mwarobaini, maua yake au majani yake, pamoja na sukari guru. Mafunzo yake ni kwamba mwaka unaoingia utakuwa na matamu na machungu, na kwamba yote yapokelewe. Ni desturi ya Wahindu, lakini Mkristo naye anaweza kujifunza kitu hapo. Sukari guru haiwekwi ili kuuficha mwarobaini. Mtoto haambiwi kwamba anakula utamu mtupu. Anajua kabisa kuna kichungu na kuna kitamu, naye anavila pamoja akiwa amezungukwa na watu wanaompenda.

Ndivyo inavyofaa kuwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Maneno ya faraja hayaji kuuondoa ukweli, yanakuja kuusindikiza.

SI KILA KICHUNGU NI DAWA

Hapa natoa onyo, maana msemo huu ukieleweka vibaya unaua. Watu wengi hudhani kwamba kitu kikiwa kichungu basi kinaponya, na kikizidi uchungu kinaponya zaidi. Si kweli.

Huko India ugonjwa wa kisukari umeenea sana. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba watu milioni 101 nchini humo wanaishi nao. Wengi wao hunywa maji ya karela, tunda chungu lililo jamaa ya matango. Mawazo yao ni mepesi kuyaelewa: ugonjwa ni wa sukari, basi kichungu kitaifukuza sukari. Nasi tunao wanaochemsha majani ya mwarobaini kwa mawazo hayo hayo, wakaacha vidonge au sindano walizoandikiwa. Mwili haufanyi kazi kwa ladha ya ulimi. Kichungu cha ulimini hakipambani na sukari iliyomo katika damu, na mgonjwa wa kisukari aliyeacha insulini anaweza kupoteza maisha katika siku chache.

Mfano mwingine ni klorokwini. Wale wenye umri wangu wanakumbuka uchungu wake, na jinsi mtoto alivyoshikwa na watu wawili ili anywe. Ilituponya malaria miaka mingi. Lakini vimelea vya malaria vilipata usugu, na mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Tangu mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa mseto. Klorokwini haikupunguza uchungu wake hata kidogo. Ilibaki chungu vile vile, lakini haikuponya tena.

Mwarobaini nao usinywewe kama tiba ya malaria. Mwenye homa apimwe damu, na akionekana ana vimelea apewe dawa mseto na kumaliza dozi. Na kwa akina mama natoa onyo la pekee: msiwanyweshe watoto wachanga mafuta ya mbegu za mwarobaini. Yamewahi kuwadhuru watoto vibaya sana, kwa degedege na kupoteza fahamu, na wengine wamekufa.

Kuna methali iliyotoka Kiajemi, nao wasemao Kihindi na Kiurdu huipenda: "neem hakim khatra-e-jaan". Neem hapa si mti tena. Ni neno la Kiajemi lenye maana ya nusu. Nusu mganga ni hatari kwa maisha. Anayejua nusu anaweza kukupa kichungu kisicho dawa, akakutoza na fedha juu yake.

Maneno nayo ni hivyo hivyo. Wapo watu wanaojisifu, "Mimi ni msema kweli, sifichi kitu," kumbe ni wakali tu. Muuguzi anayemfokea mama mjamzito mbele ya foleni kwa kuchelewa kliniki, akamwita mzembe, hakumpa ukweli mchungu. Amempa uchungu peke yake. Mama yule hatakuja tena, na safari ijayo atajifungulia njiani.

WATAALAMU NAO WANA KIDONGE CHAO

Isidhaniwe kwamba kidonge kichungu ni cha wagonjwa tu. India yenyewe ilitupa mfano mzuri.

Mwaka 1956 katika mji wa Madras, ambao sasa huitwa Chennai, ulianza utafiti juu ya kifua kikuu. Siku zile iliaminika kwamba mgonjwa wa kifua kikuu lazima alazwe katika sanatoria muda mrefu, apate mapumziko, hewa safi na chakula bora. Watafiti waligawa wagonjwa katika makundi mawili. Kundi moja lililazwa. Kundi la pili lilitibiwa nyumbani, na nyumba zenyewe nyingi zilikuwa za kimaskini na zenye msongamano. Dawa zilikuwa zile zile kwa wote.

Matokeo yalipotolewa mwaka 1959 yaliwashangaza wengi. Waliotibiwa nyumbani walipata nafuu karibu sawa na waliolazwa, na ndugu waliokaa nao hawakuonekana kuambukizwa zaidi kuliko ndugu wa wale waliolazwa. Yaani kilichoponya ni dawa, wala si kitanda. Ukweli huo ulikuwa mchungu kwa wataalamu waliokuwa wamejenga kazi yao yote juu ya sanatoria. Lakini ulipokubaliwa uliwafungulia mlango wa tiba maskini wengi ambao wasingepata kitanda kamwe.

Palikuwa na ukweli wa pili, nao haukupendeza. Dawa mojawapo ya siku zile, iliyoitwa PAS, ilimezwa kwa wingi na ilichafua tumbo. Watafiti walipowatembelea wagonjwa majumbani bila taarifa, wakahesabu dawa na kupima mkojo, waliona kwamba si wote walioeleza kuwa wanameza walikuwa wanameza kweli. Hawakuwafukuza wala kuwatukana. Walijifunza kwamba haitoshi kumpa mtu dawa mkononi na kumwacha aende zake. Mafunzo ya namna hiyo ndiyo yaliyozaa utaratibu wa kumsimamia mgonjwa anapomeza. Nchi yetu nayo ina sehemu katika habari hiyo, kwa kuwa mpango wa kifua kikuu ulioanza Tanzania mwaka 1977, kwa msaada wa Daktari Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano kwa mataifa mengine.

Basi sisi wahudumu tuulize: je, tuko tayari kuambiwa? Mgonjwa akisema amesubiri tangu alfajiri bila kusemeshwa, au wanakijiji wakisema katika mkutano kwamba lugha yetu zahanati inawafukuza watu, hicho nacho ni kidonge. Asiyeweza kumeza chake hana ujasiri wa kumnywesha mwenzake.

"MSIMWAMBIE BABA"

Sasa nafika penye kiini cha makala hii.

Mara nyingi hospitalini hutokea jambo hili. Majibu ya vipimo vya mzee yamerudi, nayo yanaonyesha saratani iliyokwisha kuenea. Kabla hata daktari hajaingia chumbani, watoto wanamsimamisha kwenye korido na kusema, "Daktari, tunakuomba, msimwambie baba. Mwambieni ni vidonda vya tumbo. Akijua atakufa kwa mawazo." Hii si desturi yetu peke yetu. Huko India pia ni jambo la kawaida familia kuombea mgonjwa wa saratani afichwe, na madaktari wa huko wameliandika na kulijadili kwa miaka mingi. Nia ya watoto hao ni njema. Hakuna anayemchukia baba yake.

Hata hivyo tuangalie matunda yake. Mzee anajua kwamba mwili unaisha, maana mwili wenyewe humwambia. Anaona watoto waliokuwa wakigombana sasa wanapatana ghafla. Anaona binti yake anatoka nje kila mara na kurudi macho mekundu. Akiuliza, anaambiwa, "Utapona baba." Anajifunza kwamba swali lake haliwezi kujibiwa, naye anaacha kuuliza. Kuanzia hapo anaumwa akiwa peke yake ndani ya chumba kilichojaa watu.

Kuna hasara nyingine zaidi. Kwa kuwa haelewi kwa nini vidonda vya tumbo haviponi, anakubali kupelekwa kwa kila mganga anayetajwa. Shamba linauzwa, ng'ombe wanauzwa, na mjane ataachwa mikono mitupu. Hakuandika wosia, maana nani anaandika wosia kwa vidonda vya tumbo? Hakupatana na mdogo wake waliyekosana miaka kumi. Na kwa sisi waamini liko lililo zito kuliko yote: Padre anaitwa usiku wa manane wakati mzee hasikii tena, hawezi kuungama wala kupokea Ekaristi. Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, iliyowekwa ili imtie nguvu mgonjwa katika safari ya ugonjwa wake, imegeuzwa kuwa tangazo la msiba. Wengine huogopa hata Padre aonekane mlangoni, eti mgonjwa atashtuka.

Nauliza kwa heshima: katika kumficha, tulikuwa tunamlinda mzee au tulikuwa tunajilinda sisi na machozi yake?

Kanisa halikunyamaza juu ya jambo hili. Hati ya Wahudumu wa Afya, iliyotolewa mwaka 1994 na Baraza la Kipapa lililohusika wakati huo na huduma za afya, inafundisha kwamba mgonjwa aliye karibu na kufa ana haki ya kujua hali yake, na kwamba aambiwe kwa busara na upendo huku akisindikizwa. Wahenga wetu nao walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Tena ukweli wa mwili ni mali ya mwenye mwili kwanza. Ni ajabu kwamba majibu ya mzee huambiwa mtoto wake wa kwanza, na shemeji, na jirani mwenye gari, kabla ya yeye mwenyewe. Majibu yatolewe kwa mgonjwa aliye mtu mzima na mwenye fahamu zake, naye ndiye atakayechagua nani aambiwe.

Nalisema hili pia juu ya virusi vya UKIMWI. Zamani, hasa miaka ya tisini, watu walificha kwa kuwa dawa hazikuwepo hapa kwetu na kujua kulionekana kama hukumu ya kifo. Leo sivyo. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure, na mtu anayezimeza vizuri kila siku huweza kuishi miaka mingi, kuzaa mtoto asiye na maambukizi, na virusi vikifubazwa hadi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Ukweli ule uliokuwa mchungu bila dawa, sasa una dawa ndani yake. Anayeukwepa anakwepa uzima. Hali ni hiyo hiyo kwa shinikizo la damu. Mtu anajisikia mzima, haumwi kichwa, lakini mashine inasema damu imepanda. Kumeza kidonge kila siku kwa ugonjwa usiouma ni jambo gumu kulikubali, lakini anayekataa huja kupooza upande mmoja akiwa bado na watoto wa kusomesha.

NAMNA YA KUTOA KIDONGE KICHUNGU

Katika Kiswahili cha mitaani tunasema "mpe vidonge vyake", yaani mseme mpaka akome, halafu akimeza akitema, shauri yake. Muuguzi hawezi kuzungumza hivyo. Kwetu sisi mgonjwa akitema, kazi bado haijaisha. Kwa hiyo nashauri yafuatayo kwa wahudumu, kwa ndugu, kwa makatekista na kwa wote wanaotembelea wagonjwa katika jumuiya ndogo ndogo:

1. Tafuta mahali pa faragha na ukae chini. Habari nzito haitolewi mlangoni mkono ukiwa kwenye kitasa.

2. Uliza kabla ya kusema. "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu? Ungependa nikueleze kiasi gani?" Mara nyingi mgonjwa anajua nusu tayari. Akisema hataki kusikia leo, heshimu hilo, lakini mwambie kwamba mlango uko wazi kesho.

3. Toa dozi kwa dozi. Hakuna dawa inayomezwa chupa nzima mara moja. Sema jambo moja kwa maneno ya kawaida, kisha nyamaza. Acha alie. Usikimbilie kujaza ukimya kwa maneno mengi.

4. Usiseme uongo hata kama husemi yote kwa siku moja. Kukaa kimya kwa busara ni tofauti na kudanganya. Ukidanganya mara moja, hata ukweli mwema utakaousema baadaye hautaaminika.

5. Usitoe uchungu bila kutaja kinachoweza kufanyika. Ugonjwa usiopona una huduma yake bado: maumivu hutulizwa kwa dawa, vidonda husafishwa, kiu na kichefuchefu hushughulikiwa. Huko Kozhikode katika jimbo la Kerala, tangu mwaka 1993, madaktari na watu wa kawaida wa kujitolea wamejenga huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiopona hata majumbani mwao. Kamwe tusimwambie mtu, "Hatuna la kukufanyia."

6. Baki naye. Rudi jioni. Rudi kesho. Anaweza kukukasirikia, akasema hukupima vizuri. Pokea. Hasira hiyo ni ule uchungu unaoshuka kooni.

7. Kwa ndugu: msimpokonye mgonjwa majibu yake kwa jina la upendo. Kama mnaogopa namna ya kusema, mwombeni daktari, muuguzi au Padre awe pamoja nanyi. Mnaruhusiwa kulia mbele ya baba yenu. Naye pengine amekuwa akingoja ruhusa ya kulia mbele yenu.

NENO LA MWISHO

Katika kitabu cha Tobiti, ambacho sisi Wakatoliki tunacho katika Biblia yetu, tunasoma habari za mzee aliyepofuka macho. Malaika Rafaeli, ambaye jina lake lina maana kwamba Mungu huponya, alimwagiza kijana Tobia aitunze nyongo ya samaki. Mnajua nyongo ilivyo chungu. Ikipasuka wakati wa kutumbua samaki, kitoweo chote huharibika. Lakini nyongo hiyo hiyo ndiyo iliyopakwa machoni pa mzee, ikamwasha, na utando mweupe ukabanduka, akamwona mwanawe.

Naomba tuangalie jambo dogo katika sura ile ya 11. Tobia hakuipaka nyongo akiwa amesimama mbali. Alimshika baba yake kwa nguvu na kumtia moyo. Nyongo katika mkono mmoja, baba katika mkono mwingine. Nadhani hapo tumepewa somo lote la uuguzi. Aliye na nyongo tu bila mkono wa kushika, atamwumiza mgonjwa na kwenda zake. Aliye na mkono wa kushika tu, akaogopa nyongo, atamkumbatia baba yake katika giza hadi mwisho.

Basi kwa yeyote anayesoma makala hii akiwa na bahasha ya majibu aliyoificha sandukuni, yake au ya mzazi wake, namsihi asingoje toleo lijalo. Aende akaongee leo, na asiende peke yake.

Mungu awabariki, na Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.